Trekta la mzee limelala miaka 11. Nianzie wapi?

Swali: "Baba yangu alifariki akaacha trekta aina ya Massey Ferguson 135, la dizeli. Halijawashwa kwa miaka 11. Lilikuwa limeegeshwa kwenye banda la bati lisilo na kuta, na bomba la moshi halikuwa na kifuniko. Nilinunua betri mpya, nikazungusha ufunguo, likatoa mlio mmoja tu, 'tak', kisha kimya. Fundi wa kwanza anasema tulifunge kamba, tuingize gia, tulivute na gari, litawaka lenyewe. Wa pili anasema injini imejamu, imekufa, niliuze kama chuma chakavu. Mimi si fundi, lakini spana naweza kushika. Je, linaweza kufufuka? Na nianzie wapi nisije nikaliharibu?"

Pole sana kwa kuondokewa na mzee, ndugu yangu. Trekta la baba si chuma tu, naelewa kwa nini hutaki kukosea.

Linaweza kufufuka, na nafasi ni nzuri kuliko alivyokueleza fundi wa pili. Ila ushauri wa fundi wa kwanza unaweza kuliua kweli. Injini iliyolala miaka 11 ikiwa haijaguswa mara nyingi hurudi. Iliyolala miaka 11 kisha ikavutwa kwa kamba siku moja asubuhi, hiyo mara nyingi hairudi. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, toa betri, ufunguo uweke mfukoni, na kamba irudi ilikotoka.

Tuanze na huo mlio wa "tak". Wengi wakiusikia wanasema injini imejamu. Haijathibitika. Mlio huo unatoka kwenye swichi ya stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inapovutwa na umeme, na unaweza kuusikia kwa sababu tatu tofauti kabisa: waya mnene wa betri umeota kutu kwenye kichwa chake au pale unapofungwa kwenye chasi, stata yenyewe imeshikwa na kutu ndani, au injini kweli haizunguki. Mbili za kwanza ni kazi ya siku moja. Huwezi kujua ni ipi kwa kuendelea kuzungusha ufunguo. Utajua kwa mkono.

Hapo ndipo pa kuanzia. Gia iwe huru, magurudumu yawekewe mawe au magogo mbele na nyuma. Kisha utoe noza zote tatu, yaani vifaa vinavyonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Injini yako ni Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa takriban lita 2.5, na noza zake zinafikika bila kubomoa mambo mengi. Safisha kwanza pande zote kwa brashi na dizeli, maana mchanga ukidondoka kwenye tundu umeongeza kazi. Fungua mabomba madogo ya dizeli, ziba ncha zake kwa nailoni safi, halafu legeza nati za noza kidogo kidogo kwa zamu. Noza iliyoshika usiitindue kwa bisibisi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu pembeni yake, iache ilale, kesho uirudie kwa kuipindapinda polepole. Chini ya kila noza kuna washa ya shaba. Zihesabu, zisibaki ndani, na wakati wa kurudisha tumia mpya.

Kwa nini noza kwanza, na si kuzungusha moja kwa moja? Kwa sababu ya bomba la moshi lisilo na kifuniko. Hilo ndilo lililonishtua zaidi katika barua yako. Injini ikizimwa, haisimami na valvu zote zimefungwa. Karibu kila mara kuna silinda moja ambayo valvu yake ya moshi imebaki wazi. Mvua inayoingia kwenye bomba inashuka, inapita kwenye valvu hiyo, inakaa juu ya pistoni. Maji hayabanwi kama hewa. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni kwenye injini ya ukubwa huu ni ndogo mno; vijiko vinne vya chakula vya maji vinatosha kuijaza yote. Pistoni ikipanda kwa nguvu ikakuta maji, kitu lazima kipinde, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka chini ya injini.

Niliwahi kuifungua injini ya silinda tatu iliyovutwa kwa kamba namna hiyohiyo. Mwenye trekta alisema liliwaka, likanguruma kama dakika mbili, kisha likaanza kugonga. Tulipoilaza konrodi ya silinda ya pili juu ya kioo cha dirisha, mrija wa wino wa kalamu ulipita chini yake katikati, kalamu yenyewe ikafuata. Pistoni ilikuwa imekwaruza ukuta wa silinda upande mmoja tu, mistari mirefu kama iliyochorwa kwa msumari. Injini ile ilikuwa nzima kabla ya kamba. Trekta lina uzito unaokaribia tani moja na nusu, na ukilivuta likiwa kwenye gia uzito wote huo unapitia kwenye magurudumu, gia, krenki, hadi kwenye konrodi ambayo unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Halina huruma na pistoni iliyoshika.

Noza zikishatoka, chukua spana ndefu, ikamate nati ya pulei ya krenki pale mbele chini ya feni, na ujaribu kuzungusha kwa upande ambao injini huzunguka ikiwaka. Usitumie bomba refu la kuongeza nguvu. Nguvu za mwili wako peke yake zinatosha kukupa jibu. Simama pembeni, uso usiwe juu ya matundu. Kama kuna maji yatachomoka kwa juu, na ndivyo tunavyotaka.

Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, shukuru. Injini haijajamu, na kama hakuna maji yaliyochomoka, tatizo lako liko kwenye umeme au stata. Ruka hadi kwenye valvu na oili hapo chini.

Isipozunguka, bado usikate tamaa. Kinachoshika injini iliyolala kwa kawaida si pistoni yenyewe, kwa kuwa pistoni ni ya aluminiamu. Ni ringi zake, zile pete zinazoizunguka, ambazo ni za chuma, dhidi ya ukuta wa silinda ambao nao ni wa chuma. Hewa yenye unyevu ikiingia kwenye silinda ile yenye valvu wazi, kutu inaota katikati yao, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inatanuka, inajikaza kama kabari. Mara nyingi ni silinda moja kati ya tatu, na utepe wa kutu wenyewe ni mwembamba. Kazi yako ni kuulainisha, si kuuvunja.

Changanya oili ya gia ya otomatiki na dizeli, nusu kwa nusu, au tumia mafuta ya kulegeza kutu ya dukani. Kwanza nyonya maji yoyote kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, kisha mimina vijiko viwili vitatu vya mchanganyiko katika kila tundu. Funika matundu kwa kitambaa safi. Kila siku jaribu kuzungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Kwenda na kurudi ndiko kunakosaga kutu. Kulazimisha upande mmoja kunavunja ringi. Siku ya kwanza hutaona kitu. Siku ya nne unaweza kuhisi spana imesogea kiasi cha upana wa ukucha. Hapo usisherehekee kwa kuivuta kwa nguvu. Irudishe, ongeza mafuta, isogeze tena. Nimeona zilizohitaji siku tatu na zilizohitaji wiki mbili. Zikipita wiki mbili bila dalili yoyote, acha. Inabidi silinda hedi, kile kifuniko kizito kilicho juu ya silinda, ivuliwe na fundi mwenye uzoefu wa dizeli aione kutu kwa macho. Asiyekuwa na subira hapo ataigonga pistoni kwa chuma, na utakuwa umenunua pistoni.

Watu watakuambia umimine petroli, au upulize ile dawa ya kopo ya kuwashia injini kwenye mdomo wa hewa. Petroli inaosha oili yote kwenye kuta za silinda, na inawaka. Dawa ya kopo ni mbaya zaidi: injini nyingi za aina hii zina hita ndogo kwenye mlango wa hewa, na hita ikiwa moto ukapuliza dawa hiyo, moto unakurudia usoni. Hata bila hita, mlipuko wake unakuja kabla ya wakati na unaweza kupasua pistoni. Sitaitumia kwenye dizeli yoyote ninayoipenda.

Injini ikishazunguka, vua kifuniko cha valvu juu. Mwagia oili kidogo kwenye kila shina la valvu na umwombe mtu azungushe krenki taratibu huku ukitazama. Kila valvu inayoshuka lazima ipande tena. Ikibaki chini, fimbo yake ya kusukumia italegea na utaiona inacheza. Igonge taratibu kwa kipande cha mbao, oili, zungusha, rudia. Ukiwasha ikiwa bado imeshika, fimbo itapinda au pistoni itaipiga valvu.

Sasa oili. Kuna wanaosema oili haikutumika, kwa hiyo ni nzima. Kwa miaka 11 imekuwa ikikusanya maji ya jasho la chuma, na maji ni mazito kuliko oili, yamekaa chini. Legeza nati ya kumwagia kwa mkono polepole bila kuitoa kabisa, uone kinachotangulia. Yakitoka maji safi kwanza, kikombe au chini ya hapo, kisha oili nyeusi, hiyo ni kawaida ya trekta lililolala. Ikitoka yote rangi ya chai ya maziwa, kuna uwezekano maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, na hilo linahitaji fundi kabla ya kuwasha. Ikiwa kiwango kimezidi alama na inanuka dizeli, mpira wa ndani wa pampu ndogo ya kuvutia dizeli umepasuka. Badilisha oili na filta. Angalia pia oili ya gia na haidroliki nyuma, ambayo kwenye trekta hili ni moja. Nayo hushika maji kupitia mpira wa mkono wa gia uliochanika.

Kwenye dizeli nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaochoka wanapoharibu kazi nzuri waliyokwisha kuifanya. Usiongeze dizeli mpya juu ya ya zamani. Imwage yote. Utakuta maji chini, na kati ya maji na dizeli utakuta ute mweusi unaoteleza kama kamasi. Huo ni uhai, vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka huo. Ukiufikisha kwenye filta zitaziba baada ya dakika kumi. Osha tangi, angalia kitundu cha hewa kwenye kifuniko chake, maana nyigu hukipenda, kisha badilisha filta.

Pampu ya noza ya trekta hili haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Dizeli iliyokaukia humo inageuka kuwa kama gundi, na inaweza kushikisha valvu ndogo inayopima kiasi cha mafuta. Ikishika imefungwa, halitawaka. Ikishika ikiwa wazi, injini itawaka na kupanda mbio bila kukusikiliza, hata ukivuta kizimio. Nitarudi kwenye hilo.

Kutoa upepo: dizeli ikiwa na hewa ndani, injini haiwaki hata ukimaliza betri tatu. Pampu ndogo ya kuvutia dizeli ubavuni mwa injini ina kimkono. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kimkono kile hadi mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, kaza. Fanya hivyo kwenye filta ya pili, kisha kwenye skrubu za pampu ya noza, kwa kufuata njia dizeli inakopita. Kimkono kikiwa kimelegea tu na hakisukumi kitu, usiseme pampu imekufa. Injini imesimama mahali ambapo kamu yake, ile nundu inayozunguka na kuisukuma pampu, imekwisha kuisukuma hadi mwisho. Zungusha krenki mzunguko mmoja, utahisi kimkono kimepata uzito. Nimemwona kijana mzuri akinunua pampu mpya kwa sababu hakuna aliyemwambia hilo. Mwisho, noza zikisharudi, legeza nati za mabomba kwenye vichwa vyake nusu mzunguko, stata izungushe hadi dizeli ichuruzike kila bomba, kaza.

Na hapa nisikilize vizuri. Usiweke mkono wala kidole mbele ya noza au bomba linalorusha dizeli. Presha pale ni zaidi ya mara hamsini ya upepo wa tairi la gari dogo. Ile nyuzi nyembamba ya dizeli inatoboa ngozi na glavu. Kidonda kinaonekana kidogo kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana mwanzoni, na watu hulala nacho. Dizeli inaendelea kula nyama ndani. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba ni dizeli ya presha imeingia mwilini. Watu wamekatwa vidole kwa kusubiri kesho.

Siku ya kuwasha, safisha vichwa vya waya wa betri na pale waya wa chasi unapofungwa hadi chuma king'ae. Tazama alama kabla ya kuunga: baadhi ya matrekta ya zamani ya Uingereza yaliungwa chanya kwenye chasi, si hasi. Jaza maji kwenye rejeta. Toa kiota cha panya kwenye filta ya hewa. Pafungue mahali bomba la hewa linapoingia kwenye injini, na umweke mtu pale ameshika kipande cha ubao bapa kinachoziba mdomo huo wote. Injini ikipanda mbio na kizimio kisifanye kazi, azibe kwa ubao, kamwe si kwa kiganja. Bila hewa itazima. Usiwashe bila mtu huyo.

Vuta kizimio, zungusha stata sekunde kumi, ipumzishe dakika moja, rudia, hadi geji ya oili isogee. Ndipo urudishe kizimio na uwashe kweli. Kaa kwenye kiti. Kuna tabia ya kusimama chini na kuunganisha stata kwa bisibisi, ambayo inaipita swichi ya usalama ya gia. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kumpanda aliyesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Linaua kila msimu.

Moshi mweupe unaochoma macho dakika za mwanzo usikutishe, ni dizeli isiyoungua kwenye silinda baridi. Wa bluu ni oili, na ringi zilizolala zinaweza kuhitaji saa kadhaa za kazi nyepesi ndipo zikae. Geji ya oili isipopanda ndani ya sekunde kumi, zima. Maji ya rejeta yakitoa mapovu mfululizo, gasketi ya silinda hedi imeachia. Baada ya dakika ishirini zima, pima oili tena, na uibadilishe tena baada ya saa chache za kazi kwa sababu itakuwa imeosha uchafu wa miaka.

Klachi nayo inaweza kuwa imegandamana. Ukikanyaga na gia bado inasaga, kanyagio lifunge chini kwa ubao usiku mzima, mara kadhaa, injini ikiwa imepashwa moto mchana. Ikikataa, trekta inabidi ligawanywe katikati. Usijaribu hilo nyumbani kwa jeki na mawe. Kalipeleke kwa fundi mwenye stendi zake. Na vumbi la klachi na breki za miaka hiyo lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, usilipulize kwa upepo. Lilowanishe, ulifute.

Injini inayonguruma si trekta linaloendeshwa. Breki zijaribiwe kila gurudumu peke yake, kisha kanyagio mbili ziunganishwe. Tairi zilizopasuka mashavu zisijazwe ukiwa umeziinamia. Kama halina fremu ya kumlinda dereva likipinduka, na mengi ya umri huo hayana, usipande nalo mteremko hadi uifunge.

Sasa la kuuza au kufufua. Modeli hii ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, kwa wingi sana, na vipuri vya injini yake bado vinatengenezwa hadi leo. Hilo linakupa nguvu ambayo wenye matrekta mengine ya umri huo hawana. Ikizunguka kwa mkono, gharama yako ni filta, oili, betri uliyonayo, mipira, na pengine kupeleka noza na pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, kazi ambayo haifanyiki kwa macho. Fufua. Ikiwa imeshika silinda moja na ikaachia kwa mafuta, bado fufua. Ikiwa bloku imepasuka, au silinda zote zimeliwa na kutu hadi mashimo yanashika ukucha, pata makadirio ya fundi wawili kwanza, linganisha na bei ya injini iliyokwisha kufanya kazi ya aina hiyohiyo, kisha amua. Lakini anayekuja leo kununua chuma chakavu mwambie asubiri. Hakuna anayeijua bei ya trekta hilo mpaka krenki yake izunguke, au ikatae.